Wino wa umeme: karatasi inatumika tena na tena, lakini kitabu ni cha nani?

Kitabu cha karatasi hakina masharti mengi. Aliyekinunua anaweza kukisoma, kumwazima rafiki, kumwachia mdogo wake mwaka wa masomo ukiisha, au kukiuza kwa muuza vitabu wa kando ya barabara. Katika miji kama Bukavu, Goma, Kisangani na Lubumbashi, vitabu vingi vya shule vinaishi maisha ya namna hiyo. Vinapita mikononi mwa watoto watatu au wanne, mpaka jalada linang'oka na kurasa za mwisho zinapotea.

Wavumbuzi wa wino wa umeme walikuwa na ndoto iliyo kinyume cha hiyo. Badala ya kitabu kimoja kupita kwa wasomaji wengi, karatasi moja ingepokea vitabu vingi: ukimaliza kimoja, maneno yanafutika na kingine kinaandikwa mahali pale pale. Zaidi ya miaka 25 imepita, na karatasi hiyo ipo. Inafanya kazi vizuri kuliko wengi walivyotazamia.

Lakini jambo ambalo kwa karatasi ya kawaida halikuwa swali limegeuka kuwa swali kubwa. Kifaa kinatumika tena na tena, ila kitabu kilicho ndani yake mara nyingi hakiruhusiwi kupita kwa mtu wa pili. Kwa nchi ambamo watoto wengi wanasoma bila kitabu mkononi, swali hilo si la mafundi wa kompyuta peke yao.

Shanga zenye rangi mbili

Habari ya karatasi hii inaanza katika miaka ya 1970, mjini Palo Alto, jimbo la California, Marekani. Katika maabara ya Xerox, kampuni iliyojulikana kwa mashini za kutoa fotokopi, mwanafizikia Nick Sheridon alikuwa anatafuta skrini bora kuliko zile za wakati huo, ambazo hazikuonyesha vizuri penye mwanga. Alitengeneza shanga ndogo sana, upande mmoja nyeupe na upande wa pili nyeusi, akazitia ndani ya ngozi nyembamba ya mpira yenye mafuta. Umeme ukipita, kila shanga inageuka na kuonyesha upande unaotakiwa. Shanga nyingi zikigeuka pamoja, zinaandika herufi.

Sheridon aliuita uvumbuzi huo Gyricon. Kampuni yake haikuupa nafasi kubwa, na kazi ilisimama kwa miaka mingi. Ilipofika mwaka 2000, Xerox ilianzisha kampuni ndogo ya kuuza mabango yenye shanga hizo, lakini ilifungwa mwaka 2005 bila kufanikiwa.

Wakati huo kundi lingine lilikuwa limekwisha kupata njia nyingine. Katika chuo kikuu cha MIT, karibu na mji wa Boston, profesa Joseph Jacobson alikuwa na wazo la kitabu kimoja kinachoweza kugeuka kuwa kitabu chochote. Kazi ya kutengeneza wino wenyewe aliwapa vijana wawili waliokuwa bado wanafunzi, Barrett Comiskey na J.D. Albert.

Mwaka 1997, Jacobson na wenzake walitoa makala yenye jina la "Kitabu cha Mwisho". Walieleza kitabu chenye mamia ya kurasa halisi, za kushika na kufunua kwa kidole, ila kila ukurasa umetengenezwa kwa karatasi ya umeme. Mtu angechagua jina la kitabu, na kurasa zote zingejiandika upya. Kitabu kimoja kingebeba maktaba nzima. Mwaka huo huo walianzisha kampuni ya E Ink, na mwaka 1998 jarida la kisayansi la Nature likachapisha maelezo ya wino wao.

Namna wino unavyofanya kazi

Wino huu hauna miujiza. Ndani ya ngozi nyembamba ya skrini kuna mamilioni ya vifuko vidogo vya mviringo, kila kimoja kina upana unaokaribia ule wa unywele wa mtu. Kila kifuko kimejaa kimiminika kinachopitisha mwanga, na ndani yake zinaelea chembechembe za aina mbili: nyeupe na nyeusi. Nyeupe zinatokana na unga wa titani, ule ule unaotiwa katika rangi nyeupe ya kupaka ukuta.

Chembechembe nyeupe zina chaji ya umeme ya aina moja, nyeusi zina chaji ya aina nyingine. Chini ya vifuko kuna waya nyembamba mno zinazopeleka umeme mahali panapotakiwa. Umeme ukivuta nyeusi zipande juu, jicho linaona nukta nyeusi. Ukivuta nyeupe, jicho linaona nukta nyeupe. Hivyo ndivyo herufi inavyoandikwa, nukta kwa nukta.

Siri kubwa ni kinachotokea baadaye. Chembechembe zikishafika mahali pake, zinabaki pale pale hata umeme ukikatwa. Ukurasa ukiisha kuandikwa, unaweza kukaa saa nzima, siku nzima au mwezi mzima bila kula umeme wowote. Kifaa kinatumia nguvu wakati wa kubadili ukurasa tu. Ndiyo maana simu inaisha moto kwa siku moja, huku kifaa cha wino wa umeme kinakaa wiki kadhaa.

Jambo la pili ni mwanga. Skrini ya simu inatoa mwanga wake yenyewe, kwa hiyo ukienda juani lazima uifunike kwa kiganja ili uone kitu. Wino wa umeme hautoi mwanga; unarudisha ule unaoupiga, kama karatasi. Jua likizidi kuwaka, maneno yanazidi kuonekana. Usiku unahitaji taa, kama kitabu cha kawaida, na kwa sababu hiyo tangu mwaka 2012 vifaa vingi vimewekewa taa ndogo za pembeni zinazomulika juu ya ukurasa.

Kasoro zake pia zinajulikana. Wino huu ni mzito kubadilika, haufai kwa filamu. Mara nyingine alama hafifu za ukurasa uliopita zinabaki, mpaka skrini inapepesa nyeusi na nyeupe ili kujisafisha. Rangi zilichelewa sana: skrini za kwanza za rangi zilitangazwa mwaka 2010, na hata leo rangi zake zimefifia zikilinganishwa na za simu. Na chini ya wino, katika vifaa vingi, kuna kioo chembamba. Kifaa kikianguka vibaya au kikikaliwa ndani ya mfuko, kioo hicho kinapasuka na kitabu chote kinapotea machoni.

Kutoka Tokyo mpaka dunia nzima

Kifaa cha kwanza cha kusoma vitabu kwa wino huu kiliuzwa Japani mwaka 2004. Kilitengenezwa na Sony na kuitwa Librie. Wasomaji walisifu ukurasa wake, lakini wakashangazwa na sharti moja: vitabu vyake vilikodishwa, na baada ya siku 60 havikufunguka tena. Tangu siku ya kwanza, kwa hiyo, karatasi iliyoweza kuandikwa bila mwisho ilipewa vitabu vyenye mwisho.

Tarehe 19 Novemba 2007, kampuni ya Amazon ya Marekani ilitoa Kindle kwa bei ya dola 399. Mzigo wa kwanza ulimalizika kwa muda wa saa tano na nusu. Kilichovuta watu zaidi kilikuwa duka lililofungwa ndani ya kifaa: mtu aliweza kununua kitabu akiwa amekaa kitandani, na baada ya dakika moja anaanza kusoma. Bei ikaendelea kushuka. Mwaka 2011 aina ya chini kabisa iliuzwa dola 79, kwa sharti la kukubali matangazo ya biashara kwenye skrini.

Kampuni ya E Ink yenyewe ilinunuliwa mwaka 2009 na kampuni ya Taiwan iliyokuwa ikitengeneza skrini zake, na leo makao yake yako huko. Wino wenyewe umetoka ndani ya vitabu ukaenda mahali pengine. Maduka makubwa ya Ulaya, Asia na Marekani yanautumia kuandika bei kwenye rafu, kwa sababu bei inabadilishwa kutoka kompyuta moja bila kubandika karatasi. Mwaka 2024, Walmart ilitangaza mpango wa kuweka bei za namna hiyo katika maduka yake 2,300. Uvumbuzi uliozaliwa kwa ajili ya maktaba umepata kazi nyingi kwenye bei za sabuni na maziwa.

Ahadi ya "Kitabu cha Mwisho", ile ya kurasa mamia za kufunua kwa kidole, haijafika dukani. Kilichopatikana ni ukurasa mmoja unaojibadilisha. Kwa msomaji wa kawaida, huo ukurasa mmoja umetosha.

Kitabu kinachofutwa usiku

Mwezi wa Julai 2009, wasomaji kadhaa wa Marekani walifungua Kindle zao wakakuta vitabu viwili vya mwandishi Mwingereza George Orwell havimo tena. Walikuwa wamevinunua kwa pesa zao. Amazon ilieleza kwamba aliyeviweka sokoni hakuwa na haki ya kuviuza, kwa hiyo iliviondoa kutoka mbali na kurudisha pesa. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akisoma kimoja kwa ajili ya masomo alibaki na maandishi yake ya pembeni yasiyo na kitabu.

Kimoja kati ya vitabu hivyo, "1984", kinasimulia utawala unaofuta maandishi ya zamani ili watu wasikumbuke. Mkuu wa Amazon, Jeff Bezos, aliomba radhi mbele ya watu wote. Lakini wasomaji walikuwa wamekwisha kujifunza jambo: ukurasa unaoweza kuandikwa upya na mwenyewe unaweza pia kufutwa na asiye mwenyewe.

Mambo mengine yakafuata. Mwaka 2011, nyumba ya uchapishaji ya HarperCollins iliamua kwamba kitabu cha kidijitali kinachouzwa kwa maktaba kitaazimwa mara 26 tu, kisha maktaba inunue kingine. Hoja yake ilikuwa kwamba kitabu cha karatasi nacho kinachakaa. Hivyo, kitabu ambacho kwa asili hakichakai kilichakazwa kwa mkataba.

Mwezi wa Aprili 2019, Microsoft ilitangaza kufunga duka lake la vitabu vya kidijitali. Miezi michache baadaye, vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vilikoma kufunguka, na wanunuzi wakarudishiwa pesa. Hakuna muuza vitabu wa karatasi ambaye, akifunga duka, anaweza kupita nyumba kwa nyumba akikusanya vitabu alivyouza miaka yote.

Mwaka huo huo, tarehe 19 Desemba, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa uamuzi juu ya kampuni ya Uholanzi, Tom Kabinet, iliyokuwa ikiuza vitabu vya kidijitali vilivyokwisha kusomwa. Mahakama ilisema haiwezekani bila ruhusa ya wenye haki. Sababu mojawapo ni kwamba kitabu cha kidijitali hakizeeki: cha mtumba kinalingana kabisa na kipya, na kingeua soko la kipya. Ule uzuri wake wa kudumu ndio uliokinyima haki ya kupita mkono kwa mkono.

Hivi karibuni, mlango umezidi kubanwa. Tarehe 26 Februari 2025, Amazon iliondoa njia iliyowawezesha wanunuzi kushusha vitabu vyao kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Kwa mtu mwenye intaneti ya nguvu, ni usumbufu mdogo. Kwa mtu anayeishi mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka, waya ulikuwa ndiyo njia ya kuaminika.

Upande wa pili, jimbo la California limeweka sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2025: duka lisitumie neno "kununua" kwa kitabu, filamu au mchezo wa kidijitali bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni, yaani ruhusa ya kutumia. Sheria hiyo haimrudishii msomaji mali yake, lakini angalau inamwambia ukweli kabla hajatoa pesa.

Wachapishaji nao wana hoja. Kitabu cha kidijitali kinaweza kunakiliwa mara elfu kwa dakika moja, na mwandishi naye anahitaji kula. Bila ulinzi wowote, wanasema, hakuna atakayelipa. Hata hivyo, wapo waliojaribu njia nyingine. Mwaka 2012, kampuni ya Tor iliondoa kufuli za kidijitali kwenye vitabu vyake vyote, na inaendelea kuviuza mpaka leo.

Majaribio ya Ghana, na makambi ya Burundi

Afrika haikukaa pembeni. Mwaka 2010, David Risher, aliyewahi kuwa kiongozi ndani ya Amazon, na mwenzake Colin McElwee walianzisha shirika la Worldreader. Walianza Ghana, wakiwapa wanafunzi Kindle zilizojaa vitabu, vikiwemo vya waandishi wa Kiafrika. Baadaye walifika Kenya na nchi nyingine.

Faida ilionekana upesi. Mtoto aliyekuwa na vitabu viwili au vitatu nyumbani alipata makumi ya vitabu kwa siku moja. Hapakuwa na haja ya kuagiza mizigo ya makaratasi na kungoja bandarini. Chaji moja ilitosha siku nyingi, jambo lenye maana kubwa kijijini.

Hasara nayo ilionekana. Vifaa vingi vilivunjika skrini, kwa sababu vilitengenezwa kwa ajili ya msomaji wa New York anayevitia ndani ya mkoba, si kwa mtoto anayetembea kilomita kadhaa akirudi shuleni. Shirika lilitafuta namna ya kuvilinda, na kadiri miaka ilivyopita likaelekeza nguvu zaidi kwenye simu, ambazo wazazi tayari walikuwa nazo mfukoni.

Wakongomani wenyewe walikutana na vifaa hivyo kwa njia ya ukimbizi. Mwaka 2014, shirika la Kifaransa Bibliothèques Sans Frontières lilifungua nchini Burundi maktaba zake za kwanza za kuhamishika, zilizoitwa Ideas Box, katika makambi yaliyopokea wakimbizi kutoka Kongo. Kila maktaba ilifika ndani ya masanduku makubwa yenye rangi, yaliyochorwa na msanifu Philippe Starck. Ndani mlikuwa na kompyuta, tableti, vifaa vya kusomea vitabu, na pia vitabu vya karatasi. Waliopanga masanduku hayo hawakuchagua kati ya karatasi na umeme. Walichukua vyote viwili.

Mpangilio huo una busara yake. Familia inayokimbia vita haibebi sanduku la vitabu. Inabeba watoto, godoro, sufuria na simu. Kifaa chenye uzito usiofika nusu kilo, chenye vitabu mia, kinaweza kukimbia pamoja na mwenyewe. Lakini kifaa hicho kikivunjika njiani, vitabu mia vinatoweka pamoja, wakati kitabu cha karatasi kilicholowa mvua kinaanikwa juani na kusomwa tena.

Madini ya Kongo ndani ya vitabu vya wengine

Kongo ina mkono katika vifaa hivi hata pale ambapo watoto wake hawajavigusa. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchini, hasa katika majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga. Kobalti inaingia katika betri nyingi zinazochajishwa za simu, kompyuta na vifaa vya kusomea. Koltani ya Masisi, hasa ya Rubaya, inatoa tantali, madini yanayotumika katika sehemu ndogo sana zinazohifadhi umeme ndani ya vyombo vya elektroniki.

Upande wa pili wa hesabu ni huu: ni karibu mtu mmoja kati ya watano nchini mwenye umeme. Wengine wanachajisha simu kwenye vibanda, kwa kulipa kila mara, au kwa paneli ndogo ya jua. Katika hali hiyo, kifaa kinachokaa wiki kadhaa bila kurudi kibandani kina maana kuliko mjini Paris au Tokyo, ambako plagi iko kila ukutani.

Haja ya vitabu nayo imekua. Tangu Septemba 2019, masomo ya shule za msingi za serikali yametangazwa kuwa ya bure. Wazazi wengi walioshindwa kulipa minervali waliwapeleka watoto, na madarasa yakajaa. Kitabu kimoja, kilichokuwa kikitumiwa na watoto wawili, kikaanza kutumiwa na dawati zima, au kikabaki mezani kwa mwalimu, anayeandika somo ubaoni ili wanafunzi wanakili.

Kuna pia suala la lugha. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba, na sheria ya elimu ya 2014 inatambua lugha za taifa katika ufundishaji. Lakini mtoto wa Uvira, Bunia au Kindu anayetaka kusoma hadithi kwa Kiswahili atapata vichache sana dukani. Kuchapa kitabu cha karatasi kwa wasomaji wachache ni ghali. Kukiweka ndani ya kifaa hakuhitaji matbaa wala lori. Hapo ndipo wino wa umeme unaweza kuisaidia lugha ambayo wachapishaji wakubwa hawajaipa nafasi.

Vitabu visivyo na kufuli

Njia ya kutoka katika tatizo la umiliki ipo tayari, na haingoji uvumbuzi mpya. Kuna muundo wa kitabu cha kidijitali unaoitwa EPUB, ambao si mali ya duka moja, na vifaa vya kampuni nyingi vinausoma. Kitabu cha EPUB kisicho na kufuli kinaweza kuhifadhiwa kwenye kompyuta, kuwekwa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, kupewa mwingine, na kufunguliwa tena miaka kumi ijayo, hata kama duka lililokitoa limefungwa.

Kuna pia leseni huru, kama zile za Creative Commons, ambazo mwandishi anazichagua mwenyewe ili kuruhusu kazi yake inakiliwe na kusambazwa kihalali. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, umekusanya kwa njia hiyo hadithi za watoto katika lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Mwalimu anaruhusiwa kuzishusha, kuzichapa, kuzitafsiri na kuzibadilisha ziendane na lugha ya mahali pake. Hadithi iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Nairobi inaweza kurekebishwa iwe ya Kiswahili cha Bukavu, bila mtu kuomba radhi mahakamani.

Kwa vitabu vya namna hiyo, wazo la zamani la MIT linapata maana yake kamili. Karatasi inatumika tena, na kitabu nacho kinatumika tena. Kikitoka kwa mwanafunzi mmoja kinaingia kwa mwingine, na wa kwanza habaki mikono mitupu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kupokea

Mashule, maparokia, makanisa na mashirika ya mashariki mwa nchi yanaendelea kupokea misaada ya vifaa vya kidijitali. Mara nyingi kinachohesabiwa siku ya kukabidhi ni idadi ya vifaa. Uzoefu wa nchi zilizotangulia unaonyesha kwamba mambo mengine yana uzito zaidi.

La kwanza ni juu ya vitabu: je, vilivyomo ni vya shule, au vimekodishwa kwa muda? Mkataba ukiisha, au kampuni ikifunga duka, wanafunzi watabaki na nini?

La pili ni juu ya njia: je, kifaa kinapokea vitabu kwa waya au kwa kadi, au lazima kiunganishwe na intaneti na akaunti ya ng'ambo? Kifaa kisichopokea kitu bila mtandao kitalala kabatini wiki ambayo mtandao umekatwa.

La tatu ni juu ya kuvunjika: nani mjini anaweza kubadili skrini au betri, na kwa bei gani? Mafundi wa simu wa Goma na Bukavu wanajua kufufua simu nyingi, lakini skrini ya wino wa umeme ni chombo kingine, na vipuri vyake ni adimu.

La nne ni juu ya lugha: kati ya vitabu mia vilivyomo, vingapi mtoto wa darasa la pili anaweza kuvielewa bila kutafsiriwa? Maktaba ya vitabu mia vya Kiingereza, kwa mtoto anayezungumza Kiswahili na anayejifunza Kifaransa, ni ukuta mweupe wenye nukta nyeusi.

Majibu ya maswali hayo hayatoki maabara ya Boston wala kiwanda cha Taiwan. Wanasayansi wamekwisha kutengeneza ukurasa usiochakaa. Nani ana ruhusa ya kuandika juu yake, na nani ana uwezo wa kuufuta, ni jambo linaloamuliwa ndani ya mikataba. Mikataba hiyo inaweza kusomwa, na kukataliwa ikiwa haifai, kabla sanduku la kwanza halijafunguliwa.